Nozeli Moja, Injini Mbili

Ukitaka kujua kama nchi inakaribia kuishiwa na pesa za kigeni, usianze na gazeti. Nenda kwa muuza spea. Muulize bei ya kitu kidogo kinachotoka ng'ambo, beringi au mshipi wa injini. Akikutajia bei na kuendelea kunywa chai yake, nenda zako kwa amani. Akisema, "Hiyo ni bei ya leo, kesho usinishike nayo," simama. Na akiwa yeye ndiye wa kwanza kukuuliza unataka ngapi na unazipeleka wapi, rudi nyumbani upesi uangalie ulicho nacho, kwa sababu mlango unafungwa.

Nyinyi wanafunzi wa chuo mnaopanga vyumba vyangu hapa Nchiru mnanicheka kwa vile chini ya kitanda changu kuna sili za pampu, balbu, fyuzi na vipande vya mpira wa bomba. Wiki iliyopita mmoja wenu, kijana wa uchumi mwaka wa tatu, alinisaidia kusukuma kitanda akayaona maboksi hayo. "Shosho," akasema, "hii si ni pesa imelala?" Nilimjibu kwa ukali, kisha nikajuta. Hakuwa amekosea kitabu. Alikuwa amesema maneno yangu mwenyewe, niliyoyasema nikiwa na miaka ishirini na mitano, na yaliyowaumiza watu ambao hawakuwahi kukifungua kitabu chenyewe. Siku hizi muuza spea wangu mjini Meru ameanza kusema "bei ya leo." Labda si kitu. Lakini mimi nina wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi huongea.

Nilifanya kazi ya ununuzi katika chama cha wakulima wa kahawa upande wa Embu, huko juu ambako mashamba yanapanda kuelekea mlimani. Nilitakiwa kuhakikisha viwanda vyetu vya kumenya kahawa havikosi kitu: mishipi, beringi, dizeli, magunia. Mimi ni mzaliwa wa Kiirua, upande wa Meru, na kwetu ni ngano na waru, yaani viazi. Kahawa nilikuwa nimeiona kwenye kikombe tu. Nilifika na digrii yangu na swali moja mdomoni, "kwa nini?", mpaka wakanipa jina hilo. Nikiingia ofisini nilisikia, "Kwa Nini amefika, ficheni mafaili."

Mwezi wangu wa kwanza niliagiza beringi kwa kusoma nambari kwenye kitabu cha mashine. Ilipofika ilikuwa kubwa kama sufuria ya chai. Mwenye stoo wetu, Njeru, mwanamume aliyekuwa ameendesha malori kabla ya kupewa ufunguo wa stoo, aliigeuza mkononi, akaiweka chini kuzuia mlango usijifunge. Ilikaa pale miaka yote niliyofanya kazi. Wageni wakiuliza, alijibu, "Hiyo ni digrii ya Kawira." Kawira ndiye mimi. Basi shikeni hili: spea hainunuliwi kwa barua. Beba ile mbovu, iweke juu ya meza ya muuzaji, akulinganishie ukiangalia. Na muuzaji anayejibu "iko" kabla hujamaliza kueleza, huyo muogope.

Njeru alikuwa na desturi iliyonikera. Kila aina ya kitu kutoka ng'ambo aliweka vitatu. Alisema kimoja kinafanya kazi, kimoja kinangoja, na cha tatu kinasahaulika. Vile vya kusahaulika vilikuwa chini ya magunia, vimefungwa kwa karatasi yenye grisi. Siku moja nilichomoa nozeli, kile kipande kinachonyunyiza dizeli ndani ya injini. Hakina urefu wa kiganja, lakini bila hicho injini ni chuma cha kukalia.

"Mzee Njeru, hii imekaa hapa miaka mingapi?"

"Haijakaa. Inangoja."

"Inangoja nini? Nairobi si ziko?"

"Leo ziko."

"Sasa kwa nini tulale na pesa chini ya magunia?"

"Kwa Nini," akasema, akiirudisha mahali pake, "wewe uliza tu. Lakini usiguse."

Niligusa. Niliandika ripoti ya kurasa tatu kuhusu bidhaa zinazolala, wakubwa wakaipenda, na vitu vya Njeru vikauzwa. Nozeli za akiba zote mbili zilichukuliwa na Mbogo, mwenye kinu cha posho sokoni, kwa sababu injini yake ilikuwa ndugu na ya kwetu. Njeru alimbebea mpaka mlangoni. Aliporudi aliniuliza swali moja tu: "Wewe mtu wa waru, huko kwenu mkivuna mnaacha mbegu?"

"Tunaacha."

"Haya," akasema, akaenda kufagia rafu tupu.

Sasa niwaeleze kwa lugha ya shambani jambo mnalolisoma kwa michoro. Wataalamu huiita akaunti ya sasa ya nchi. Mimi nitaiita hesabu yetu na nje. Tunauza kahawa, chai, miraa. Tunanunua mafuta, mashine, dawa, mbolea. Miaka mingi tunanunua kuliko tunavyouza, na pengo hilo linazibwa na watu wa nje wanaotukopesha, wanaotusaidia, wanaoleta mitaji. Pengo lenyewe si dhambi. Ukinunua mashine leo na mashine ikakuzalishia kitu cha kuuza kesho, umetumia akili. Hatari ni wale wa nje wakiondoa mkono ghafla. Hapo pengo lazima lizibike, tena kwa miezi, si kwa miaka. Na litazibika vipi? Huwezi kuuza kahawa zaidi mwezi ujao, maana mche unataka karibu miaka mitatu kabla ya kuzaa. Basi linazibika kwa kutonunua. Mafuta yanapungua, spea zinapotea, mbolea inakuwa hadithi. Ndiko kugeuka kwa akaunti kunakotajwa kwenye vitabu vyenu.

Nilijua yote hayo. Nilikuwa nimeyafanyia mtihani. Hiyo ndiyo aibu yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini wafadhili walifunga mkono, na shilingi ikaanza kushuka kama mtu anayeteremka mlima kwa matope. Wakulima wakaingiwa na hofu. Tukaitisha mkutano kwenye kiwanda kimoja, chini ya paa la mabati kando ya matangi ya kuoshea kahawa, na kwa vile mimi ndiye niliyesoma, nikaambiwa niwaeleze. Nikasimama juu ya ngazi za mizani.

"Msiogope," nikawaambia. "Kahawa yenu inauzwa kwa dola. Dola moja sasa inaleta shilingi nyingi kuliko jana. Shilingi ikianguka, nyinyi mnapanda."

Walipiga makofi. Mama mmoja hakupiga. Aliitwa Mama Wanja, mwenye miti mia tatu ya kahawa kwenye mteremko juu ya mto, na alikuwa amekwisha kusema hadharani kwamba amechoka na kahawa, atapanda maharagwe katikati na kuiacha ife kivyake. Akainua mkono.

"Umesema tutapanda?"

"Mtapanda, mama."

"Si ati labda?"

"Si labda."

"Basi nitanyunyiza dawa." Akauza mtamba wake, ng'ombe aliyekuwa bado hajazaa, akanunua dawa ya kahawa. Niliambiwa hivyo na watu. Nilifurahi. Nilifikiri nimeokoa shamba.

Neno langu halikuwa uongo. Lilikuwa nusu. Sikujiuliza kahawa itatoka vipi kiwandani ikiwa mashine ya kiwandani nayo inakula dola.

Kwa wasioijua kahawa: matunda mekundu yanachumwa asubuhi na lazima yamenywe siku hiyo hiyo. Yakikaa ndani ya ngozi yanachacha, na harufu yake haikuachi. Yakishindikana kumenywa, yanaanikwa na ngozi yake mpaka yawe meusi, na hayo huku kwetu huitwa mbuni. Mbuni hununuliwa kwa bei ya huruma. Mkulima anayepeleka nyekundu na kupata mbuni amelima bure.

Mwezi wa kumi na moja kahawa iliiva yote kwa pamoja. Ya Mama Wanja ilikuwa nzuri kuliko zote, nyekundu bila doa, kwa ajili ya ile dawa. Na siku hiyo hiyo alipoleta mzigo wake wa kwanza mkubwa, injini ya kiwanda kile tulichofanyia mkutano ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Njeru aliifungua. Nozeli ilikuwa imekwisha. Nyaya za stima zilikuwa hazijafika huko, na viwanda vya jirani vilikuwa vimefurika kahawa ya watu wao. Vijana wanne walizungusha gurudumu kwa mikono, wakamenya debe chache, wakalala chini kwenye nyasi.

Nilienda Nairobi na nozeli mbovu kwenye mkoba. Muuzaji wetu wa miaka yote aliiangalia bila kuishika.

"Dada, dola hakuna. Nimeomba benki, bado nangoja."

"Mpaka lini?"

"Sasa hiyo uniambie wewe. Si ndiyo mlisomea?"

Niliuliza maduka saba. La saba walikuwa na moja iliyopakwa rangi ionekane mpya. Niliikwaruza kwa ukucha, kutu ikatoka. Narudia, vijana: kwaruza kwa ukucha.

Nikabaki na mtu mmoja wa kumwendea, na nikaenda na Njeru, kwa sababu peke yangu nisingeweza. Mbogo alikuwa mlangoni mwa kinu chake, mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Nozeli ya kwanza aliyoinunua kwetu ilikuwa imekwisha kazi. Ya pili ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi nyuma yake, na akina mama walikuwa kwenye foleni na mahindi yao.

"Nirudishe?" akasema. "Na watu wa soko hili wasage kwa meno?"

"Mbogo, kahawa inachacha," Njeru akamwambia.

"Kahawa hawali. Hii wanakula."

Nikaanza kumweleza kwamba kahawa ndiyo inayoleta dola, na dola ndizo zingeleta nozeli. Akanikatiza. "Wewe si ndiye uliyeniuzia? Ulisema inalala. Sasa imeamka."

Wale mama kwenye foleni walicheka mpaka mmoja akaweka chini debe lake. Nami nikacheka, kwa kukosa la kufanya. Nafikiri kicheko hicho ndicho kilichotusaidia. Mbogo alijipangusa uso akasema atasaga asubuhi mpaka saa sita. Baada ya hapo tuichukue, tumenye kahawa, irudi kwake kabla jua halijatua. Na akaweka sharti: "Njeru hana makosa, asisumbuliwe. Itabebwa na huyu."

Kwa hiyo nilijifunza kuendesha baiskeli nikiwa na digrii, mbele ya soko zima. Nozeli ilikaa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, imefungwa kitambaa safi, maana chembe moja ya mchanga ingeiua. Nikiteremka kwenda mtoni nilisikia watu wakiniita kutoka mashambani, "Kwa Nini, breki! Breki!" Kila nikifika, Njeru alikuwa na jiko tayari. Kuna washa, pete ndogo ya shaba inayokaa chini ya nozeli. Ukiifungua na kuifunga mara nyingi inakuwa ngumu na kuvujisha moto. Njeru aliichoma mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza kwenye maji, ikawa laini kama mpya. Washa ile ile, kila siku. Kitu hicho hakikuwa kwenye kitabu changu chochote, na siku hizo kiliwafaa wakulima kuliko wizara nzima.

Siku nane tulifanya hivyo. Sikuwa nakula vizuri. Kila saa sita nilifikiri Mbogo atabadilisha nia, kila jioni nilifikiri nimeidondosha njiani. Foleni ya kahawa ilisogea. Mama Wanja alipitisha sehemu ya mazao yake, akaniambia, "Baiskeli umeijua sasa," nikaona labda tutavuka.

Siku ya tisa dizeli iliisha. Kituo cha mafuta kilikuwa kimefunga pampu kwa kamba. Kijana mmoja wa malori aliniuzia pipa moja. Njeru alichovya kidole, akanusa.

"Hii imechanganywa na mafuta ya taa. Tena ina uchafu."

"Tuichuje kwa kitambaa."

"Kitambaa hakitoshi."

"Mzee Njeru, angalia hiyo foleni."

Akaiangalia. Tukachuja kwa kitambaa. Injini ilienda kwa muda wa kama nusu saa, kisha sindano ya ndani ya nozeli ikakwama. Njeru aliifungua, akaiosha, akaigonga, akaipuliza, akaifunga, akaifungua tena. Mwishowe akaiweka juu ya gunia, akakaa kando yake kama mtu aliyefiwa. Sasa tulikuwa na injini mbili zisizo na nozeli. Asubuhi iliyofuata wale mama wa soko walibeba mahindi yao kuvuka mto hadi kinu kingine, mwendo wa masaa. Mbogo hakunitukana. Alifunga mlango wa kinu, akakaa nje akiangalia barabara, na hilo lilinichoma zaidi.

Mtaniuliza, maana mimi pia ningeuliza: je, ni kugeuka kwa akaunti kunakoleta msiba, au ni msiba unaogeuza akaunti? Nimestaafu bila jibu. Ziko nchi zilizoziba pengo lao polepole na hakuna aliyelia. Walikuwa na akiba, au walikuwa na kitu cha kuuza haraka, au waliokuwa wakiwakopesha waliondoka mmoja mmoja, si kama kundi la mbuzi lililoona fisi. Nasi tungeweza kuteleza bila kuvunjika mguu kama stoo ingekuwa na vile vya kusahaulika. Au labda nozeli ile ingekwama hata hivyo. Sijui, nami simwamini sana anayejua.

Ninachojua ni kwamba kahawa iliyoletwa siku zile tatu za mwisho za wimbi lile la kuiva haikumenywa. Ilimwagwa kwenye meza za wavu ikaanikwa na ngozi yake. Nyingi ilikuwa ya Mama Wanja.

Njeru alisema atawaeleza yeye. Nikakataa. Nikapanda zile ngazi za mizani na kuwaambia ukweli: ripoti, nozeli, dizeli. Sikutaja wafadhili wala benki. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Mama Wanja ndiye aliyesema.

"Ile siku ulituambia tutapanda, ulikuwa unatuangalia sisi ama ulikuwa unasoma kitabu?"

"Nilikuwa nasoma kitabu, mama."

"Nilifikiri hivyo." Akafunga leso yake kiunoni. "Kuja hapa."

Nikamfuata mpaka kwenye meza za kukaushia. Mbuni ukiuacha bila kugeuza unaota ukungu, na hata ile bei ya huruma unaikosa. Akanionyesha kusimama ng'ambo ya pili ya meza. Tukageuza kwa mikono, yeye na mimi na wanawake wengine watatu, siku hiyo na siku nyingine nyingi, baada ya saa zangu za ofisi. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi, na ile harufu ya kuchacha ilinifuata mpaka kanisani.

Alasiri moja mlinzi alikuwa na redio yake ndogo ukutani. Msomaji wa habari akatangaza kwa sauti ya furaha kwamba hesabu ya nchi na nje imeboreka, pengo limepungua, tunaagiza vitu vichache kuliko mwaka uliotangulia. Njeru alikuwa akipita na ufagio. Akasimama.

"Kwa hivyo ile nozeli tuliyoikosa, nayo imehesabiwa hapo? Kwamba tumefanya vizuri?"

"Imehesabiwa," nikasema.

"Hata mtu wa kipindupindu hupunguza kitambi," akasema, akaendelea kufagia.

Wanawake walicheka, kisha wakaacha. Mmoja akaniuliza kutoka mwisho wa meza, bila mzaha wowote, kwa sababu alikuwa na kahawa yake pale na alitaka kujua aamue nini kuhusu msimu ujao. "Kawira, hiyo habari ni nzuri ama ni mbaya?"

Wote waliniangalia. Jibu la mtihani lilikuja mpaka kwenye meno. Nikalimeza.

"Sijui," nikasema. "Ningetaka kwanza kujua ni nini hakikununuliwa, na nani alikuwa anakihitaji."

Mama Wanja aliingiza mkono ndani ya mbuni mpaka kwenye wavu, akatoa punje moja, akaibonyeza kwa kidole gumba. Ikatoa maji.

"Basi geuza," akaniambia. "Huku chini bado ni mbichi."